Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Lamu: Mgonjwa aliyeumizwa na tiba apewe faili lake

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu; kwa Waziri wa Afya wa kaunti; kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti; na kwa wasimamizi wa hospitali, vituo vya afya na zahanati zote, za umma na za binafsi, kuanzia Kiunga hadi Witu.

Waheshimiwa, assalamu alaikum, na kwa wasio Waislamu, salamu zangu za heshima.

Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na kuwajazia fomu hapa mtaa wa Langoni, na kwa kazi hiyo hupitiwa na mashauri ya kila namna: mirathi, mipaka ya mashamba, vitambulisho vilivyokwama, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, majeraha ambayo mtu aliyapata hospitalini alikokwenda kutafuta nafuu. Barua hii ni kwa niaba ya hawa wa mwisho. Siombi sheria mpya wala bajeti kubwa. Naomba mambo mawili ambayo sheria za nchi hii zimekwisha kuyaamuru: mgonjwa au jamaa yake apewe nakala ya maandishi ya matibabu yake anapoyataka, na kila kituo kiwe na njia ya wazi ya kupokea malalamiko na kuyajibu kwa maandishi.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba siandiki kuwashitaki wauguzi. Anayejua zahanati zetu za visiwani anajua kwamba muuguzi mmoja anaweza kuwa ndiye mkunga, ndiye mtoa dawa na ndiye mwenye funguo za stoo, na usiku akabisha hodi kwake kila mwenye homa na kila mwenye uchungu. Tena si kila baya linalompata mgonjwa ni uzembe. Dawa njema huweza kumdhuru mtu mmoja kati ya wengi, na upasuaji uliofanywa kwa uangalifu wote huweza kuingia usaha. Mahakama zetu hazimhukumu daktari kwa sababu mgonjwa hakupona. Humuuliza mdai mambo manne: je, kituo kilikuwa na wajibu wa kumwangalia, je, kilifanya chini ya kiwango ambacho mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo angekifikia, je, alidhurika, na je, madhara yale yalitokana na upungufu ule na si na ugonjwa wenyewe. Kipimo hicho cha mtaalamu wa kawaida kilitolewa na mahakama ya Uingereza mwaka 1957, na mahakama za Kenya zimekitumia mara nyingi. Wajibu ni rahisi kuuthibitisha, na madhara mara nyingi yanaonekana kwa macho. Mashauri mengi hufia katika mawili yaliyobaki, na hayo mawili hayajibiwi na kumbukumbu ya mama aliyekuwa akilia, bali na kile kilichoandikwa saa ileile na mkono uliokuwa ukitibu.

Nianze na mtoto mmoja wa visiwani, ambaye mama yake amenipa ruhusa ya kusimulia habari zake bila ya majina. Alipelekwa kituoni akiwa na homa, akipepesuka kwa ulegevu wa homa tu, akachomwa sindano ya takoni. Kesho yake mguu wa upande ule ulikuwa haunyanyuki. Kisigino kilikuwa kikitangulia kuinuka na vidole vikiburuta chini. Hadi leo anatembea akiutupa mguu. Wataalamu wa mishipa wanaijua sana hali hii: mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni unapita ndani ya tako, na sindano ikichomwa pasipo pake, hasa kwa mtoto mwembamba, huweza kuujeruhi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limekuwa likielekeza kwamba sindano ya kwinini ya msuli ichomwe upande wa mbele wa paja, si takoni. Mama aliniletea daftari, lile daftari la shule ambalo mgonjwa hutakiwa kulinunua mwenyewe dukani kabla hajaingia kwa tabibu. Ukurasa wa siku ile una tarehe, neno malaria, na jina la dawa lililokatizwa kwa herufi tatu. Kipimo cha dawa hakipo. Mahali ilipochomwa hapapo. Sahihi haipo. Alipokwenda kuomba rejista ya kituo ili alinganishe, aliambiwa kwamba daftari lake ndilo faili lake.

Basi tazameni hapo shauri lilivyokwisha kabla ya kuanza. Huenda aliyechoma alichoma pasipo pake. Huenda pia alichoma palepale panapotakiwa, na mguu umelegea kwa sababu nyingine, maana polio na maradhi mengine ya mishipa hulegeza miguu ya watoto pia. Mama hawezi kuthibitisha dai lake, na yule muuguzi, kama hana hatia, hana cha kujisafishia.

Majeraha ya uzazi ndiyo yanayoniletea watu wengi zaidi, na ndiyo mazito. Mtoto huzaliwa amechoka kwa kukosa hewa, akakua na ubongo uliodhurika. Mama huchanika hadi njia ya haja kubwa na asishonwe inavyopasa. Uchungu hukaa siku mbili mtoto akiwa amekwama, na baadaye mama hubaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kujizuia, akajitenga na watu kwa aibu isiyo yake. Au damu humtoka baada ya kujifungua, na wanaomzunguka wakawa wanaikadiria kwa macho, na macho kwa kawaida hukadiria pungufu. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, ambapo wakunga walipewa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, wakaona damu imefika wapi na wakaanza tiba zote kwa pamoja badala ya kungojea moja ishindwe ndipo waijaribu nyingine. Visa vya damu nyingi mno na vile vilivyoishia kwa upasuaji au kifo vilipungua kwa asilimia 60. Naliweka jambo hili mbele yenu kwa sababu mfuko ule ni maandishi pia: unasema damu ilikuwa kiasi gani, hata kama hakuna aliyekumbuka.

Katika wodi ya leba kuna chati ambayo kila mkunga aliyesomea kazi yake anaijua. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa, na kufunguka kwa njia ya uzazi hupimwa kila baada ya saa 4, ili uchungu unapokwama uonekane mapema, kabla mtoto hajachoka. Chati ikijazwa, mtu anaweza kusoma usiku mzima wa mama yule kwa dakika chache. Lakini nimeshika chati zilizo tupu kabisa, na nimeshika nyingine ambazo zinatia shaka zaidi kuliko zilizo tupu, zilizojazwa kwa wino mmoja, kwa mwandiko mmoja ulionyooka, mapigo ni 140 kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtoto akazaliwa hapumui. Sihitaji kuwa daktari kujua kwamba chati ya namna hiyo iliandikwa asubuhi.

Hapa pia haki inakata pande mbili. Watoto wengi wenye ulemavu wa ubongo hawakuumizwa na mkunga. Chanzo chao kilianza tumboni kabla ya uchungu, kwa maambukizi, kwa kuzaliwa njiti, au kwa sababu zisizojulikana. Mkunga aliyejaza chati yake saa kwa saa anaweza kulionyesha hilo mbele ya hakimu na akaenda zake nyumbani.

Kwetu kuna jambo la ziada ambalo Nairobi hawalijui, nalo ni maji. Mama wa Faza au Kizingitini anayeandikiwa rufaa ya kuja Lamu hupanda chombo, na mkondo wa Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa; wakati wa kusi bahari ya nje haina utani. Saa iliyopotea kituoni hailipiki baharini. Kwa hiyo swali la kwanza katika kila dai la kuchelewa ni hili: rufaa iliamuliwa saa ngapi, chombo kiliitwa saa ngapi, kilifika saa ngapi, nani alipokea upande wa pili? Barua nyingi za rufaa nilizoziona hazina saa hata moja. Moja ilikuwa na saa, imeandikwa "2.00", bila kusema kama ni ya mchana au ya usiku, na bila kusema kama mwandishi alihesabu kwa saa za Kiswahili au za Kizungu. Mawakili wawili wanaweza kulipwa mshahara wa mwaka kwa kuibishania namba hiyo.

Makosa ya chumba cha upasuaji ni machache kuliko hayo, lakini yakitokea hutangazwa nchi nzima. Mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa fuvu kimakosa kwa sababu alama za utambulisho za wagonjwa wawili zilibadilishana. Aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni ni yule mwingine. Kosa jingine la kawaida ni kipande cha shashi kusahauliwa tumboni, mama akaishi nacho miezi akitibiwa taifodi. Dawa yake ni kuhesabu: shashi na vyombo vihesabiwe kabla ya kuanza, vihesabiwe tena kabla ya kufunga, na hesabu iandikwe. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya mambo 19 ya kuulizana kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka, nayo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara kwa jirani zetu Watanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vya wagonjwa wa upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna mashine katika jambo hilo. Ni karatasi moja na watu wanaokubali kuulizwa.

Kuhusu ugonjwa kutambuliwa vibaya nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila nyumba ina mfano wake. Homa ya Lamu ni malaria au taifodi hadi ithibitike vinginevyo, na taifodi yenyewe husomwa kwa kipimo cha Widal, ambacho kinajulikana kwa majibu yasiyoaminika. Katikati ya mazoea hayo kidole tumbo hupasuka, mimba iliyotunga nje ya kizazi huvuja damu ndani kwa ndani, na kifua kikuu hukohoa miezi. Kukosea ugonjwa peke yake si uzembe. Tabibu mzuri naye hukosea. Uzembe ni pale mgonjwa anaporudi mara ya pili na ya tatu na maumivu yaleyale, na kila anayempokea akanakili jibu la aliyetangulia bila kumgusa tumbo. Makosa ya dawa nayo yamo katika mlango huu, kama mtu aliyekwisha kusema kwamba penisilini humvimbisha koo akachomwa penisilini, kwa sababu maneno yake yalibaki hewani na hayakuingia kwenye karatasi.

Kisha kuna ridhaa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, manufaa yake, hatari zake na gharama zake, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katika kaunti hii watu huzungumza Kiamu, Kibajuni, Kiboni, Kiorma na lugha za wenzetu waliohamia Mpeketoni. Fomu anayowekewa mama mbele yake akiwa katikati ya uchungu ni ya Kiingereza, na dole gumba lake ndilo husemwa baadaye kuwa ni ridhaa. Kuipeleka fomu hiyo kwa mfasiri na kuichapisha kwa Kiswahili hakuwezi kushinda gharama ya safari moja ya ujumbe wa kaunti kwenda semina ya Naivasha.

Waheshimiwa, haki hizi si hisani. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Bungoma iliamuru mama mmoja alipwe shilingi milioni 2.5, kwa sababu mwaka 2013 alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma na akatukanwa na waliopaswa kumsaidia. Fidia ile ililipia heshima iliyovunjwa, siyo jeraha la mwili tu, na wasimamizi wanaodhani kwamba bila ya maiti au kilema hakuna kesi wangefaidika kuisoma hukumu hiyo.

Linaloniumiza ni muda. Dai la uzembe dhidi ya mtu au hospitali ya binafsi lina miaka 3 kisheria. Dhidi ya Serikali ni miezi 12, na mwenye busara huihesabu serikali ya kaunti humohumo. Sasa wekeni miezi hiyo kando ya maisha yetu: arubaini ya marehemu, eda ya mjane, mtoto mlemavu anayezungushwa Mombasa na Malindi kutafutiwa tiba, nauli ya chombo na ya basi, kisha ofisi inayosema njoo wiki ijayo, mwenye funguo za masijala yuko likizo. Faili linapotolewa, kama linatolewa, mwaka umekwisha. Sisemi kwamba wanaochelewesha hufanya hivyo kwa hila. Nasema kwamba hata ingekuwa hila, isingefanya kazi vizuri zaidi ya hivi.

Najua baadhi yenu mnahofu kwamba kumpa mgonjwa faili ni kumwita wakili. Kwa niliyoyaona katika kazi yangu, ni kinyume chake. Watu wa hapa si wepesi wa kesi. Wengi hufika kwangu wakiwa wamekwisha kusema ni kadari ya Mungu, na wanaamini hivyo kwa dhati. Wanachotaka ni kuambiwa kilichotokea, na mtu mwenye cheo aketi nao nusu saa awaambie kwa adabu, na kama palikuwa na kosa, aseme lilikuwa kosa na aseme ni nini kitabadilishwa. Wanaokwenda kwa wakili ni wale waliofungiwa mlango. Na kuikubali kadari hakumwondolei aliyepewa amana wajibu wa kuitolea hesabu.

Kwa hiyo naomba haya. Daftari la mgonjwa lisiwe ndilo rekodi pekee; kituo kibaki na maandishi yake, na kila sindano iandikwe dawa, kipimo, mahali, saa na jina la aliyechoma. Ombi la nakala ya faili lijibiwe bila kuzungushana: Ibara ya 35 ya Katiba, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inayoipa ofisi ya umma siku 21, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayompa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake mwenyewe, zote ziko upande wa mgonjwa. Barua ya rufaa isitoke kituoni bila kuandikwa saa ya mambo matatu: ya uamuzi, ya kuita chombo, na ya kuondoka. Utaratibu wa malalamiko, ambao kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya kinataka ubandikwe mahali ambapo kila anayeingia atauona, ubandikwe kweli, kwa Kiswahili, pamoja na maelezo kwamba mtu anaweza pia kupeleka shauri lake kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, kwa Baraza la Wauguzi au kwa Baraza la Maafisa wa Kliniki, bila wakili. Na wafanyakazi wanaoripoti kosa lao wenyewe mapema walindwe, maana anayejua kwamba akisema atahamishiwa kituo cha mbali kuliko vyote hatasema, na kosa lake litarudiwa na mwenzake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa 1 kati ya 10 hudhurika akiwa katika huduma, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Kaunti isiyo na ripoti hata moja ya madhara ina tatizo la ripoti.

Kifungu hichohicho cha 14 kinampa mlalamikaji haki ya kujulishwa matokeo ya uchunguzi kwa maandishi ndani ya miezi 3. Naomba barua hii ihesabiwe kuwa malalamiko rasmi kuhusu daftari la yule mtoto niliyemtaja. Jina lake, kituo na tarehe sikuviweka hapa kwa kuwa siri ya mgonjwa inalindwa na sheria. Vimo katika bahasha iliyofungwa ambayo mama yake ameikabidhi kwa ofisi ya Waziri wa Afya wa kaunti, na nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Miezi 3 tunaihesabu kuanzia tarehe ya muhuri huo.

Wenu mtiifu,

Mwandishi wa barua, Langoni, Lamu

Nakala: Tume ya Haki ya Utawala, Baraza la Wauguzi la Kenya